Acha Kusema "Haumi Huyo"

Jumamosi iliyopita nimesimamishwa wiki mbili kwenye kiwanja cha kuchezesha mbwa nilichokianzisha mwenyewe. Bado inaniuma, na ndiyo maana naandika leo.

Nilihamia Dodoma mwaka 2019 pamoja na wizara, nikamchukua mbwa wangu Komando akiwa na miezi miwili. Mnaofuga mnajua hali ilivyo: huku hatuna bustani za mbwa zenye uzio kama za Marekani, unaingia, unafunga geti, unamfungulia. Sisi tuna viwanja ambavyo wenyewe hawajajenga. Kule Iyumbu nilianza kwenda peke yangu saa kumi na mbili asubuhi, na kumchomoa mbwa mbigili kila hatua kumi. Akaja jirani mmoja na jike lake, wakaja wengine. Sasa tunafika watu saba na mbwa tisa. Sijisifu, ila bila mimi kile kikundi kisingekuwepo.

Siku hiyo kamba ilikuwa begani kwangu, Komando yuko mbele anajifurahisha. Mzee mmoja mwenye kanzu nyeupe akawa anakatiza kiwanja. Komando akamtoka mbio. Mimi, badala ya kumwita mbwa wangu, nikampigia kelele mzee wa watu: "Usiogope mzee, haumi huyo!"

Na kweli hakumuuma. Alimrukia tu, akaacha nyayo mbili za vumbi kifuani mwa kanzu, akamlamba mkono.

Mzee hakugomba. Alinitazama, akasema, "Kijana, wewe unajua haumi. Mimi nani kaniambia?"

Sikuwa na jibu. Kuna Waislamu wengi hapa ambao kwao mate ya mbwa ni najisi: palipoguswa paoshwe mara saba, mojawapo kwa udongo. Yule mzee nilimpa kazi ya asubuhi nzima kwa uzembe wangu. Wenzangu wakakaa kikao palepale, na aliyenisomea hukumu ni yule niliyemfundisha kushika kamba. Haya.

Kwa hiyo ndugu yangu, kamba. Kama mbwa wako haji ukimwita mara moja, hajafikia kufunguliwa, hata kama kiwanja ni kitupu. Mfundishe kuja kwa dagaa, kipande kimoja kila anapoitika. Ila dagaa hao mpe pembeni. Nimewahi kuona madume mawili yakichanana masikio kwa kichwa cha dagaa. Ukisikia kengele za mbuzi, mfunge kabla hujawaona. Mtu anayechunga hatakuelewa ukimwambia mbwa wako "anacheza tu".

Kinyesi kiokote. Watoto wanacheza mpira palepale jioni, na kinyesi cha mbwa kina mayai ya minyoo. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Juni 2019, mimi natumia mifuko ya kaki ya chipsi. Haipendezi, inafanya kazi. Mbwa jike akiwa kwenye joto, yaani akitaka dume, abaki nyumbani wiki tatu hivi, usituletee vita.

Na chanjo ya kichaa cha mbwa ni kila mwaka. Mgeni akija na mbwa tunaomba kadi, akinuna anune. Mtu akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama mwenye mbwa anaapa amechanjwa.

Tatizo letu wafugaji ni kiburi. Tunampenda mbwa mpaka tunadhani kila mtu ana deni la kumpenda. Mtu akiruka pembeni kwa woga tunamcheka. Tunamcheka mtu ambaye huenda aliumwa utotoni, akachomwa sindano. Tuache! Kiwanja si chetu, tumeazima tu mpaka mwenyewe alete tofali. Na nasema tena, kamba.

Jumapili nilikwenda kwa yule mzee na kilo mbili za zabibu. Nikabisha hodi, nikamwamkia shikamoo. Akaitikia kutoka ndani, kisha akauliza, "Mbwa yuko wapi?"

Nikamwambia nimemfunga nyumbani. Akachungulia kwenye tundu la geti, akanitazama miguuni, kushoto na kulia, ndipo nikasikia komeo likivutwa.