Bwana anakoroma halafu pumzi inakatika

SWALI: Salaam aleikum daktari. Bwana wangu ni nahodha wa boti hapa Lamu, usiku anakoroma mpaka watoto wanaamka, ghafla kimyaa, kisha anashtuka kama mtu aliyekabwa. Mchana anasinzia hata kashika usukani. Mashine ya kuvaa puani kaikataa, na stima ikipotea inazima. Nimeskia kuna kifaa cha mdomoni, ni kweli?
Mama wa Langoni

JIBU: Waaleikum salaam dadangu. Kipo, na hakitaki stima wala upasuaji. Hiyo kimya ni koo limejiziba, akilala misuli inalegea, ulimi unarudi nyuma na hewa haipiti sekunde 10 au zaidi. Kifaa kinashika meno ya juu na ya chini, kinasukuma taya la chini mbele milimita chache, ulimi unafuata na njia inafunguka.

Ila apimwe usingizi kwanza. Pumzi ikikwama chini ya mara 30 kwa saa kifaa chaweza kumtosha, zaidi ya hapo ile mashine ya puani, inayosukuma hewa kooni, ndo bora, lakini akiishindwa kabisa kifaa ni afadhali kuliko kulala hivihivi. Achongewe na daktari wa meno kwa vipimo vya mdomo wake, na meno yawe imara. Mwanzoni mate yatajaa, taya litauma asubuhi, na meno yanaweza kusogea kwa hivyo arudi kukaguliwa.

Na tafadhali dada, mpaka atibiwe usukani ashike mwengine, abiria wasibebwe na mtu anayesinzia.