Maswali ya Wasomaji: Kelele za Chaja Zinapita Waya Gani?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi wa elektroniki mjini Morogoro. Nimeunda chaja ya simu ya wati 20, yenye plagi isiyo na ethi. Inachaji vizuri, ila kila ninapoiwasha, redio ya masafa ya kati iliyo karibu huvuma hata stesheni isisikike. Nimefunga kichujio kwenye waya wa umeme, lakini nafuu niliyoipata ni ndogo. Nitaipimaje kebo ili nijue kelele inapita wapi?

JIBU: Ndugu fundi, transista ya chaja yako huwaka na kuzimika mara makumi ya maelfu kwa sekunde, na kila mgeuko huo wa ghafla huzaa kelele inayopanda hadi megahezi nyingi, ikipita katikati ya masafa ya redio yako. Kelele hiyo hutoka kwa njia mbili. Ama huenda kwa waya wa moto na kurudi kwa nyutro, ama huenda kwa nyaya zote mbili kwa pamoja, ikielekea upande mmoja, kisha ikarudi kupitia ardhi na vitu vilivyo jirani. Kichujio kinachoizuia ya kwanza huenda kisiiguse kabisa ya pili, kwa hiyo usinunue kingine kabla ya kupima.

Tafuta klempu ya kupimia mkondo wa masafa ya juu, yaani kibanio kinachozunguka waya (ile ya mafundi wa umeme wa majumbani haifai hapa), na uiunganishe na kichanganuzi cha masafa, chombo kinachoonyesha ukubwa wa kelele katika kila masafa. Tengeneza kipande cha kebo ambacho waya wa moto na nyutro vimetenganishwa bila kuchubuliwa. Kwanza pitisha nyaya zote mbili ndani ya klempu zikielekea upande mmoja: mkondo unaokwenda kwa moto na kurudi kwa nyutro utajifuta wenyewe, na utakachosoma ni ule wa pamoja tu. Kisha zima, upinde nyutro uingie klempu kwa upande wa pili, na uwashe tena. Sasa wa pamoja ndio unaojifuta, na ule mwingine husomeka maradufu, yaani desibeli 6 zaidi, ambazo utazitoa kabla ya kulinganisha.

Ukikuta mkondo wa pamoja ndio mkubwa, na kwa chaja isiyo na ethi nadhani ndivyo utakavyokuta, tumia koili ambayo nyaya zote mbili zimezungushwa pamoja juu ya kiini kimoja cha feraiti (kauri yenye usumaku). Ukiwa mkubwa ni ule mwingine, weka kapasita ya daraja la X, iliyotengenezwa kuhimili umeme wa soketi, kati ya moto na nyutro. Kapasita ya kawaida hapo inaweza kuwaka moto. Usiisahau kebo inayokwenda kwenye simu. Ifunge klempu huko pia, kwa sababu mkondo wa pamoja hutokea upande huo vilevile, na wengi huhangaika na kebo ya umeme peke yake.

Kipimo kinachokubalika rasmi hufanywa kwa LISN, kisanduku kinachokaa kati ya soketi na chaja na kuupa kila waya ukinzani unaojulikana wa omu 50. Kiwango cha CISPR 32, cha kimataifa cha kelele za vifaa vya elektroniki, kwa vifaa vya nyumbani, daraja B, huanzia kilohezi 150 hadi megahezi 30; kati ya kilohezi 500 na megahezi 5, wastani wa kelele usizidi desibeli-mikrovolti 46 (desibeli zinazohesabiwa kuanzia mikrovolti moja). Tahadhari: kapasita za kisanduku hicho humwaga zaidi ya nusu ampea kwenye ethi, kwa hiyo swichi ya kinga itakata umeme papo hapo, na ethi ikilegea, kasha la kisanduku linaweza kuua. Funga ethi kwa boliti kwanza, kisha ulishe kisanduku kupitia transfoma ya kutenganisha, ambayo haiungi nyaya zake moja kwa moja na za soketi.

SWALI: Kebo yangu ina urefu wa mita 2. Je, niikate kabla ya kuipima?

JIBU: Usiikate. Chaja hukaa sentimita 80 kutoka kwenye LISN, na kebo inayozidi hukunjwa mbele na nyuma katika fungu la sentimita 30 hadi 40. Usiizungushe duara, maana itageuka koili na kukupa majibu mazuri kuliko hali halisi.