Watoto hupungua, madarasa hayapungui

Swali la wiki lilikuwa hili: "Marekani bodi nyingi za shule zinapunguza walimu na kufunga shule kwa sababu watoto wamepungua na bajeti imebana. Je, hapa kwetu shule iliyopungukiwa wanafunzi nayo ipunguziwe walimu?"

Ndugu Mhariri,

Nimefundisha shule za msingi mkoani Tabora miaka 34 hadi nilipostaafu 2024, na miaka tisa ya mwisho nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya kijijini ambayo watoto waliiacha huku naitazama. Swali lenu limenigusa penye kidonda. Jibu langu ni hapana, wasipunguzwe kwa hesabu inayotumika sasa. Lakini nimewahi kukaa upande wa pili pia, na nitausema.

Kwanza watoto walikwenda wapi? Mtu akisikia shule imepungukiwa hudhani wazazi wamegoma kuandikisha, au mwalimu mkuu amelala. Kwetu haikuwa hivyo. Ada ilipoondolewa Januari 2016 tulifurika hadi wanafunzi 640, na darasa la kwanza walikaa chini kwa sababu madawati hayakutosha. Halafu yakaja mambo mawili. La kwanza ni tumbaku. Mkulima wa tumbaku anataka udongo ambao haujachoka na kuni za kukaushia majani kwenye bani, na kijiji chetu kilikuwa kimemaliza vyote viwili. Kaya zikaanza kusogea porini, moja leo, tatu msimu unaofuata, na kila kaya ilipoondoka rejesta yangu ilipoteza majina manne au matano kwa mpigo.

La pili lilikuwa jambo jema, na naomba lisomwe hivyo. Fedha za UVIKO-19 za mwaka 2021 zilijenga vyumba vya madarasa 15,000 nchi nzima, na 3,000 kati ya hivyo vilikuwa vya shule shikizi, yaani shule ndogo za vitongoji zinazolelewa na shule mama hadi zisajiliwe. Kitongoji kimoja cha kwetu, kilomita sita ng'ambo ya mbuga, bonde linalojaa maji wakati wa mvua, kilipata vyumba viwili, na baada ya muda ile shikizi ikasajiliwa ikawa shule yenyewe. Sikulalamika hata siku moja. Mimi ndiye niliyekuwa nawapokea watoto wa kule mwezi wa Februari wakiwa wamelowa hadi kiunoni, wameshika viatu mkononi na daftari kwenye mfuko wa nailoni juu ya kichwa. Mtoto wa miaka saba kupata shule mlangoni kwao ni haki yake. Ila watoto hao walipobaki kwao, shule mama ilibaki na wanafunzi 210.

Hakuna aliyekosea hapo. Tatizo lilianza pale karatasi ya ikama ilipokuja, yaani hesabu ya walimu ambao shule inastahili kuwa nao.

Ikama inasema hivi: kwa shule ya msingi, mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Nilikuwa na walimu 11. Gawanya 210 kwa 45, unapata nne na ushee, sema watano. Kwa hiyo kwenye karatasi nilikuwa na walimu sita wa ziada. Afisa aliyeleta orodha hakuwa mtu mbaya, alikuwa anafanya alichotumwa. Nilimpeleka ofisini nikamfungulia rejesta moja baada ya nyingine. Darasa la awali 34. La kwanza 31. La pili 29. La tatu 28. La nne 27. La tano 24. La sita 20. La saba 17. Nikamwuliza, katika haya madarasa manane, ni lipi lililoondoka na watoto waliohama? Hakunijibu, na sidhani kama angeweza.

Hili ndilo ninalotaka wasomaji walishike, kwa sababu ukiwa hujawahi kupanga ratiba hulioni. Watoto hawahami kwa darasa. Hatokei mzazi akaondoka na la nne zima. Wanapungua wanne huku, saba kule, na mwisho wa yote unabaki na madarasa yaleyale manane, yote membamba. Somo la Hisabati la watoto 20 linachukua dakika zilezile za watoto 60. Ratiba yetu ilikuwa na vipindi vinane kwa siku kuanzia la tatu hadi la saba. Madarasa matano mara nane, vipindi arobaini kila siku. Wagawie walimu watano: kila mmoja vinane, bila kupumzika, bila kusahihisha, na mwalimu mkuu akiwa mmoja wao. Na hapo sijagusa la kwanza, la pili na awali, ambako mtoto anajifunza kusoma, kuandika na kuhesabu, na ambako darasa haliachwi peke yake hata dakika tano.

Nilibembeleza, nikaachiwa sita. Watano wakahamishwa.

Nieleze sita walivyoishi, maana hili halionekani kwenye taarifa yoyote. La nne wana upimaji wa kitaifa na la saba wana mtihani wa kumaliza, kwa hiyo nguvu zote zilikwenda huko. Nani angethubutu kufanya vinginevyo, wakati matokeo yalikuwa yanabandikwa na shule zinapangwa nafasi? Walioumia ni la tatu na la tano. Tuliweka la tano na la sita chumba kimoja, watoto 44, ubao ukagawanywa kwa mstari wa chaki katikati. Kufundisha madarasa mawili kwa pamoja ni kazi inayowezekana, lakini ina mbinu zake na vitabu vyake, na hakuna kati yetu aliyewahi kufundishwa mbinu hizo. Darasa la awali tukamwachia binti wa kijijini aliyemaliza kidato cha nne, na wazazi wakakubaliana kumpa shilingi 40,000 kwa mwezi. Tumbaku ilipolipwa alilipwa. Msimu wa kulima, mifuko ikiwa mitupu, alikuja bure, na siku nyingine hakuja. Simlaumu.

Sasa ruzuku. Serikali hupanga ruzuku ya uendeshaji ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Shilingi 4,000 hubaki kwa ajili ya vitabu na 6,000 hufika shuleni. Tulipokuwa 640, hiyo ilikuwa 320,000 kwa mwezi. Tulipobaki 210 ikawa 105,000. Lakini madarasa ni yaleyale, vyoo vilevile, paa lilelile ambalo upepo wa Novemba hulitafuta kila mwaka. Nauli ya kwenda benki wilayani na kurudi ilikuwa 16,000 iwe nina watoto 640 au 210. Chaki hutumika kwa ubao, haitumiki kwa mtoto. Karatasi za majaribio, ndiyo, zilipungua. Kingine sikioni.

Jambo moja lilinikosesha usingizi, na nilikuwa sijawahi kuliandika popote. Posho ya madaraka ya mwalimu mkuu ni shilingi 200,000 kwa mwezi, na haitazami ukubwa wa shule. Ina maana katika miaka yangu ya mwisho mimi peke yangu nilipokea posho karibu mara mbili ya fedha iliyokuja kuendesha shule nzima. Posho ile ni halali na kazi yake naijua. Lakini kila mwezi niliposaini nilijisikia vibaya, na mara kadhaa kufuli, bati na dawa ya vidonda vya watoto vilitoka humo. Shule haiwezi kutegemea moyo wa mwalimu mkuu. Anayekuja baada yangu ana watoto wake wa kusomesha.

Upande wa pili ni huu. Kabla ya kuwa mwalimu mkuu nilifundisha shule moja pembezoni mwa mji wa Tabora. La kwanza walikuwa 170 kwa mwalimu mmoja, ikabidi tuwagawe asubuhi na mchana, na mwalimu yule alikuwa anarudia somo lilelile mara mbili hadi sauti inakauka. Wakati huo mtu angeniambia kuna shule ina watoto 17 la saba na bado inang'ang'ania walimu 11, ningepandwa na hasira. Kwa hiyo sisemi asiguswe mwalimu hata mmoja. Kati ya 11 wangu, wawili wangeweza kwenda, pengine watatu, na shule ingesimama. Nane kwa madarasa manane, au tisa ili mwalimu mkuu apate muda wa kukagua na kushughulikia wazazi. Hesabu hiyo inatokana na madarasa, na ningeitetea mbele ya yeyote.

Ndiyo maana mfano wa Marekani mlioutoa unahitaji kuangaliwa vizuri kabla hatujauiga. Kule watoto wamepungua kweli. Mwaka 2007 walizaliwa zaidi ya milioni 4.3, na tangu hapo idadi kwa ujumla imekuwa ikishuka. Bodi ya shule ya eneo ndiyo mwajiri, inalipa mishahara kutoka mfuko wake wenyewe, mfuko unaotokana na kodi ya majengo na fedha za jimbo ambazo kwa sehemu kubwa zinamfuata mwanafunzi. Mishahara na mafao huchukua karibu asilimia 80 ya bajeti. Mtoto akiondoka, fedha inaondoka, na mwalimu bado yupo kwenye orodha ya malipo. Wakati wa UVIKO-19 serikali kuu yao ilizipa shule karibu dola bilioni 190, bodi nyingi zikaajiri kwa fedha hizo, na dirisha likafungwa Septemba 2024. Hapo ndipo wengi walipobanwa. Na kufunga shule si jambo jipya kwao: Chicago ilifunga karibu shule 50 kwa mkupuo mwaka 2013.

Kwetu mwalimu analipwa na Hazina moja kwa moja kwenye akaunti yake. Ukimtoa kwangu ukampeleka kwa mwenzangu, mshahara ni uleule kutoka mfuko uleule. Halmashauri haiokoi hata senti. Kinyume chake inaingia gharama, kwa sababu mtumishi aliyehamishwa na mwajiri anastahili nauli, usafirishaji wa mizigo na posho ya kujikimu. Kwa hiyo anayesema tupunguze walimu wa shule ndogo ili kubana matumizi, hajui fedha inapotoka. Hoja pekee inayosimama ni ya haki kati ya shule na shule, na hiyo ndiyo tungeijadili.

Kuhusu malipo hayo ya uhamisho, nina la kusema. Kati ya walimu wangu watano waliohamishwa, ni mmoja tu aliyelipwa kabla ya kuondoka. Mwalimu wetu wa la kwanza, mama wa watoto watatu, alikopa kwenye kikundi chao cha kuweka na kukopa ili apakie vitanda kwenye fuso. Nilipostaafu, miaka miwili na nusu baadaye, deni lake lilikuwa bado "linahakikiwa". Ukimhamisha mwalimu kwa namna hiyo hupati mwalimu kamili kule unakompeleka. Unapata mtu anayedai.

Kufunga shule nakutaja kwa ufupi, kwa kuwa kijijini kwetu lilizungumzwa kikao kimoja tu cha kamati ya shule, na wazee walilizima. Shule ya karibu ni ileile ya ng'ambo ya mbuga. Tungekuwa tumegeuza njia, watoto wa kwetu ndio wangevuka maji wakiwa wameshika viatu mkononi.

Ninachopendekeza ni vitu viwili. Ikama ya shule ya msingi iwe na kiwango cha chini kinachofuata madarasa: shule yenye awali hadi la saba isishuke chini ya walimu wanane, hata uwiano ukisema watano. Na sera mpya ya elimu, toleo la 2023, itakapoondoa darasa la saba na kubakiza miaka sita, kiwango hicho kishuke kwa mmoja, sawa kabisa, kwa sababu hapo darasa litakuwa limeondoka kweli. La pili, ruzuku ya uendeshaji iwe na kiasi cha chini kwa kila shule. Kwa daftari langu la matumizi, shule ya ukubwa wetu ingeweza kupumua kwa 250,000 kwa mwezi. Tofauti na tuliyokuwa tunapata ni 145,000 kwa mwezi, shilingi 1,740,000 kwa mwaka. Shule kubwa isiguswe, iendelee kuhesabiwa kwa mwanafunzi.

Wiki iliyopita nilimpigia simu aliyerithi kiti changu. Ameniambia baadhi ya kaya zimerudi kutoka porini, nyingine zimeleta na ndugu zao, na rejesta sasa ina wanafunzi 268. La kwanza peke yake ni 52. Walimu bado ni sita. Ameshaandika barua mbili kuomba wahesabiwe upya.

Mwalimu mstaafu, Tabora