Routemaster: rangi iwe ya mwisho

Wengi wakishanunua basi kuukuu la ghorofa hukimbilia mambo mawili, kuwasha injini na kupaka rangi nyekundu. Kwa Routemaster, basi lililohudumia njia za kawaida za London hadi Desemba 2005, anza kwingine: tafuta maji yanaingilia wapi.

Basi hili halina chasisi. Bodi ya alumini ndiyo inayobeba uzito, na chini yake hufungwa fremu ndogo mbili za chuma: ya mbele hushika injini na usukani, ya nyuma hushika ekseli. Alumini na chuma vikigusana penye unyevu, alumini huliwa. Hugeuka unga mweupe unaovimba hadi kung'oa ribiti. Chokoa kwa bisibisi pale fremu zinapofungwa, chini ya ngazi, kwenye matao ya magurudumu, na hasa kwenye jukwaa la nyuma, ambalo liko wazi na hulowa kila mvua inyeshapo. Bisibisi ikizama, usizibe kwa puti. Toboa ribiti kwa keekee yenye unene uleule wa shina lake, maana tundu likipanuka ribiti mpya haitakaza. Safisha hadi alumini ing'ae, paka praima ya kuzuia kutu pande zote mbili, kisha tenganisha metali hizo kwa utepe usiopitisha maji kabla ya kuziunganisha tena. Ni kazi ya miezi, na haina njia ya mkato.

Kupima uvujaji kunahitaji watu wawili, mmoja nje na mpira wa maji, mwingine ndani na tochi. Anza chini, panda polepole, dakika 10 kwa kila kiungo. Ukianzia paani, maji yatateremka kote na hutajua yalipopenya.

Kabla ya kuagiza vipuri, soma kibati cha injini. Mabasi haya 2,876, yaliyoundwa kati ya 1954 na 1968, yalitoka na injini za AEC au Leyland, lakini mengi yalibadilishiwa injini miaka ya 1990, yakawekewa Cummins au Iveco. Na bodi isipolingana na namba ya basi, usidhani umetapeliwa: katika Aldenham, karakana ya kukarabati mabasi ya London, bodi zilinyanyuliwa, zikarudishwa juu ya fremu za basi jingine. Nati na bolti ni za inchi. Spana za milimita zitazila pembe.

Injini iliyolala miaka mingi usiiwashe siku ya kwanza. Mwaga oili, badilisha filta, izungushe kwa mkono. Kisha hakikisha kitelezi cha pampu ya dizeli, yaani fimbo inayopimia injini mafuta, hakijakwama. Kikikwama mahali pa mafuta mengi, injini itapaa mizunguko na haitazimika. Weka ubao tayari wa kuziba njia ya hewa.

Breki zinatumia akiba ya mafuta yenye shinikizo. Kanyaga pedeli mara nyingi, injini ikiwa imezimwa, hadi shinikizo liishe, ndipo ufungue bomba. Vumbi la lainingi za breki za zamani huwa na asbesto, nyuzi zinazodhuru mapafu: usilipulize kwa kompresa kamwe. Na kwa kuwa basi lina uzito unaozidi tani 7, usiingie chini yake likiwa limeshikwa na jeki peke yake.

Tairi linaweza kuwa na kashata nzuri na bado likawa limezeeka. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Tangu 1 Februari 2021 Uingereza imekataza matairi ya zaidi ya miaka 10 kwenye ekseli ya mbele ya mabasi. Basi la kihistoria lisilofanya biashara linaweza kusamehewa, lakini ushauri wetu ni uyabadilishe hata hivyo.

Safari ya kwanza iwe kilomita 10 tu. Simama, sogeza kiganja karibu na kila habu, yaani kitovu cha gurudumu, bila kuigusa. Inayotoa joto kuliko wenzake ina breki inayobana. Andika kimo cha basi, mita 4.38, mbele ya macho ya dereva kabla hujakutana na daraja.