Skrini za rubani dhidi ya mishale ya zamani: ipi inasomeka haraka?

Mkuu, umeuliza kama skrini kwenye Cessna ndogo zinazotua Tabora na Kigoma zinamrahisishia rubani kazi au ni urembo tu. Kwa kujua uko wapi, hazina mpinzani. Agosti moshi wa miombo ukifunika kila kitu, na ziwa likiungana na anga hapo Kigoma, ule mstari wa upeo uliotanda skrini nzima ni neema. Ila kusoma kasi na mwinuko kwa kutupa jicho, mishale ya vile vipimo vya duara vya zamani bado inashinda.

Mshale unausoma kwa jinsi ulivyolala, hata kwa pembe ya jicho. Kwenye Garmin G1000, mfumo wa skrini wa Cessna hizo, kasi ni utepe wa namba kushoto, mwinuko kulia, na namba lazima uisome kisha uipime akilini. Zoea kile kimstari cha zambarau kando ya utepe: kinaonyesha kasi itafika wapi baada ya sekunde 6. Ukikifuata hicho, huna haja ya kukimbizana na tarakimu.

Kinachoponza wengi ni kitasa cha shinikizo la hewa, kile cha kurekebisha kipima mwinuko. Kina duara mbili, ya nje ni shinikizo, ya ndani ni mwelekeo. Ndege ikirushwarushwa na joto la mchana, kidole kinashika isiyo yake. Hektopaskali 1 (kizio cha shinikizo) ni takriban futi 28 za mwinuko, kwa hiyo ukiweka 1025 badala ya 1015, skrini inakuonyesha uko futi 280 juu ya ulipo. Kabla ya kuondoka, usome mwinuko: Tabora uwe karibu futi 3,870, Kigoma karibu 2,700. Altimeta (kipima mwinuko) ya akiba ina kitasa chake, nayo irekebishe; hiyo husahaulika sana.

Kuhusu hitilafu: sensa ikifa, inatokea X nyekundu na hudanganywi. Balaa ni mrija wa pitoti, ule unaopokea hewa ya mbele ili kupima kasi, ukiziba. Nyigu akijenga kwa udongo humo kwa sababu kifuniko hakikuvalishwa, kompyuta bado inapokea shinikizo fulani, hivyo namba inakuja safi kabisa, bila X. Kasi isipoamka mnapokimbia kwenye njia ya kurukia, kata nguvu, simama. Ikizibia angani pamoja na tundu la kutolea maji, kasi itapanda kadiri unavyopaa, na anayevuta pua juu kuipunguza anajitafutia mabawa kushindwa kuibeba ndege. Kwenye Cessna 172 kipima kasi cha akiba kinatumia mrija uleule, kwa hiyo kukilinganisha na skrini ni kumuuliza mwizi kuhusu pacha wake. Weka nguvu ya injini na pua unazozijua, kisha tazama kasi ya GPS, upepo ukiuhesabu.

Skrini moja ikizima na nyingine isijipange yenyewe, bonyeza kitufe chekundu chini ya paneli ya sauti, katikati. Vipimo vya ndege na vya injini vitabanana kwenye iliyobaki, kwa hiyo zoezi hilo lifanyie chini kwanza. Na miwani ya polaroidi iache nyumbani, ukiinamisha kichwa skrini inaweza kuwa nyeusi.