Picha 1,400 za Ndege za Vita na Moja Tu ya Kujivunia

Juzi msomaji ameniandikia: "Kaka, nina tiketi ya maonyesho ya ndege za vita kule Duxford, Uingereza. Nibebe nini?" Nimekaa na swali lake siku mbili bila kujibu, maana jibu linaanzia mahali ambapo mimi bado panauma.

Mara ya kwanza nilirudi na picha 1,400. Nikachagua tano ambazo kwa macho yangu zilikuwa moto, nikazitupia kwenye kundi letu la wapiga picha. Jamaa mmoja, sitamtaja ingawa nafsi inataka, akajibu: "Mbona umepiga midoli?" Kundi zima likacheka. Na mimi nikacheka nao, nikaweka vikatuni vitatu vya kicheko, kisha nikazima simu.

Alisema kweli. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Nilikuwa nimeweka shata, ule mlango wa kamera unaofunguka kuingiza mwanga, kwenye 1/2000 ya sekunde, nikiamini kwamba kinachokwenda mbio hukamatwa kwa mbio. Kwa ndege ya jeti, sawa. Lakini Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita Kuu ya Pili, inavutwa na pangaboi, na kwa kasi hiyo pangaboi linaganda. Kila panga linaonekana limesimama peke yake, utadhani injini imezimika na rubani anasoma dua. Shusha shata hadi 1/200, na ukiwa na moyo, 1/125. Ifuate ndege kwa kiuno, mikono itulie, bonyeza huku bado unazunguka. Tisa kati ya kumi zitakuwa uji. Hiyo moja itakuwa na uhai. Shusha shata. Nitarudia chini huko, maana najua mtapita tu.

Kosa la pili lilikuwa jua. Duxford, karibu na Cambridge, ulikuwa uwanja halisi wa jeshi, si pahali palipotengenezwa kwa ajili ya watalii. Ni pale ambapo Kikosi cha 19 kilipokea Spitfire za kwanza kabisa kuingia jeshini, Agosti 1938. Wamarekani nao wakahamia hapo 1943. Sasa, watazamaji wote husimama upande wa kaskazini wa njia ya kurukia, kwa hiyo mnatazama kusini, jua liko usoni sehemu kubwa ya siku. Picha zangu za saa saba mchana zote ni kunguru mweusi juu ya shuka jeupe. Nenda asubuhi geti likifunguliwa, ndege zikiwa zimeegeshwa na mwanga bado laini. Kisha vumilia hadi jioni, jua likishahamia magharibi na kuzipiga ndege ubavuni, wakati wenzako wanakimbilia foleni ya magari.

Katikati hapo kuna saa nyingi za kukaa kwenye nyasi. Nazipita.

La tatu ni aibu tupu. Zilitengenezwa Lancaster, ndege za mabomu za vita ile, 7,377, na leo zinazoruka ni mbili tu duniani, moja Uingereza na nyingine Kanada. Ile ya Uingereza ilipita mbele yangu, injini nne za Merlin zikiunguruma kwa pamoja, mngurumo unaoingia kifuani kabla haujafika masikioni. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa nikitafuta kitu kwenye menyu ya kamera. Nilipoinua macho niliona mkia. Zaidi ya vijana 55,000 wa kikosi cha washambuliaji cha Uingereza walikufa katika vita ile, wengi ndani ya ndege za aina hiyo, na mimi nahangaika na menyu! Panga kamera nyumbani, rafiki. Panga nyumbani.

Na Spitfire haingoji mtu. Ikiwa chini, mguu wa gurudumu unaziba hewa isifike vizuri kwenye rejeta, kwa hiyo injini inachemka upesi na rubani ana haraka ya kuondoka. Ukisikia imewaka, achana na mkate wako.

Mwaka huu nilirudi, na safari hii sikumfuata nyota. Kila mtu alikuwa anaisubiri Spitfire (hata Hurricane, ndege nyingine ya kivita ya Uingereza, iliyoangusha ndege nyingi kuliko Spitfire mwaka 1940, huachwa ikipita kama daladala tupu). Mimi nikaenda kusimama karibu na Dakota, ndege ya mizigo ya vita ile.

Babu yangu alikuwa Keya, askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Alipelekwa Bama (Burma, leo Myanmar) na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyoteremka bonde la Kabaw mwaka 1944 kwenye matope ya mvua, barabara zimekufa, chakula kikiletwa kwa ndege. Alitusimulia mara nyingi kwamba magunia ya mchele yalidondoshwa bila parachuti, yamevalishwa gunia juu ya gunia yasipasuke. "Ukisikia ndege ya chakula," alikuwa akisema, "jificha kama umesikia ya adui." Gunia lilikuwa linaua. Sisi wajukuu tulikuwa tunacheka.

Dakota ilipowashwa, pangaboi la kushoto lilizunguka kwa uvivu, injini ikakohoa, ikatema wingu la moshi wa bluu. Mama mmoja kando yangu akashtuka, akidhani inaungua. Si kuungua. Silinda za injini hiyo zimepangwa duara, na ndege ikikaa muda oili hutuama kwenye zile za chini, ikiwashwa inaungulia humo. Shata yangu ilikuwa 1/125. Niliona mlango ule mpana wa ubavuni, nikawaza magunia.

Nilipiga picha kama arobaini tu. Moja ndiyo iliyotoka: moshi bado unaburuzika chini ya bawa, pangaboi limekuwa duara la ukungu, na mlango unaonekana wazi.

Kwa hiyo ndugu uliyeniuliza: betri mbili, kofia, kitu cha kuziba masikio ya watoto. Na shusha shata. Chagua ndege moja iliyo na jambo na wewe, ukae nayo.

Ile picha niliiweka kwenye kundi bila maelezo yoyote. Yule jamaa wa midoli alikaa kimya hadi usiku, kisha akaniuliza faraghani nilitumia lenzi gani. Sijamjibu bado.