Gari kudunda baada ya kushushwa

Kaka, ulivyosema umeshusha gari mbele na sasa inadunda dunda ukivuka matuta, mimi naona kwanza ulipunguzia kwenye ringi ya springi (ile ya kuzungusha inayoshikilia springi). Shokapu zako kama ni zile za kurekebisha urefu (coilover), zenye bodi ya chini inayozunguka, urefu unabadilishia huko chini, ile ringi ya springi unaiacha ikae tu bila kulegea, ukiichezea unaharibu mwendo wa shokapu bure. Pima kutoka katikati ya habu (kitovu cha gurudumu) mpaka ukingo wa fenda, kushoto na kulia ziwe sawa, halafu zungusha gari kidogo mjini uje upime tena maana springi mpya zinakaa chini.

Ugumu wa shokapu sasa, kaza nobu yake ya kurekebisha ugumu mpaka mwisho (taratibu, usilazimishe) kisha rudisha ukihesabu kliki hadi katikati, pande zote idadi moja. Ikiendelea kuyumba baada ya tuta kaza kliki 2, ikigonga kavu legeza. Ukimaliza alaimenti (kunyoosha magurudumu) lazima, la sivyo tairi zinaliwa upande.

Na sisi wa Tanga na hii chumvi ya bahari, osha nyuzi za kuzungushia kwenye shokapu na upake grisi, la sivyo mwakani hazifunguki hizo.